Riziki, mkate na yule mwovu: kwa nini Baba Yetu zetu hazifanani

Kwenye mazishi ambako ndugu wa marehemu ni Wakatoliki na wakwe zake ni Walutheri, Baba Yetu huanza vizuri. "Baba yetu uliye mbinguni, jina lako litukuzwe." Hapo uwanja mzima una sauti moja. Mstari unaofuata tu, wameachana: hawa "ufalme wako ufike", wale "ufalme wako uje". "Utakalo lifanyike" inagongana na "mapenzi yako yatimizwe". "Mkate wetu wa kila siku" inapishana na "riziki yetu". Mwishoni upande mmoja umeshasema "Amina" na kunyamaza, na upande wa pili ndio kwanza unaanza "Kwa kuwa ufalme ni wako". Watoto hubaki wakiangalia midomo ya wakubwa wao, wasijue wafuate ipi.

Baada ya hapo huja maneno ya pembeni. Mmoja anasema wale wamepunguza sala ya Bwana, mwingine anasema hapana, hawa ndio walioongeza. Tuhuma zote mbili hazina haki. Kila mahali zinapoachana, sala hizi zina sababu unayoweza kuifuata hadi kwenye chanzo chake. Sababu nyingine ziko kwenye nakala za kale za Kigiriki, nyingine kwenye sarufi ya Kigiriki, na nyingine, zile ambazo hazisemwi sana, ziko kwenye sarufi ya Kiswahili chenyewe.

Tuziweke kwanza mezani. Wakatoliki husali hivi:

"Baba yetu uliye mbinguni, jina lako litukuzwe, ufalme wako ufike, utakalo lifanyike duniani kama mbinguni. Utupe leo mkate wetu wa kila siku, utusamehe makosa yetu, kama tunavyowasamehe na sisi waliotukosea. Usitutie katika kishawishi, lakini utuopoe maovuni. Amina."

Biblia ya Union, ambayo makanisa mengi ya Kiprotestanti husali kwa maneno yake au yaliyo karibu nayo, ina hivi katika Mathayo 6:

"Baba yetu uliye mbinguni, Jina lako litukuzwe, Ufalme wako uje, Mapenzi yako yatimizwe, hapa duniani kama huko mbinguni. Utupe leo riziki yetu. Utusamehe deni zetu, kama sisi nasi tuwasamehevyo wadeni wetu. Na usitutie majaribuni, lakini utuokoe na yule mwovu. [Kwa kuwa ufalme ni wako, na nguvu, na utukufu, hata milele. Amina.]"

Biblia Habari Njema, iliyotoka nzima katikati ya miaka ya 1990, ina njia yake ya tatu, nayo tutaikuta huko mbele.

Mabano yale ya mraba

Anza na mwisho wa sala, maana ndipo ugomvi ulipo. Angalia tena Mathayo 6:13 katika Union: maneno "Kwa kuwa ufalme ni wako" yamefungwa ndani ya mabano ya mraba. Wengi wameyasoma maisha yao yote bila kuyauliza mabano hayo yanafanya nini pale. Kazi yake ni hii: wafasiri wanamwambia msomaji kwamba maneno hayo yamo katika nakala nyingi za Kigiriki, lakini hayamo katika zile zilizo za kale zaidi.

Injili tulizipokea kwa mkono. Hakuna karatasi aliyoiandika Mathayo mwenyewe iliyobaki, kuna nakala za nakala. Mbili kati ya nakala za kale za Biblia ya Kigiriki, Kodeksi Vatikano na Kodeksi Sinai, zote za karne ya 4, zinamaliza sala kwenye neno la kuokolewa. Kodeksi Bezae ya karne ya 5 nayo hivyo hivyo. Biblia ya Kilatini iliyotumiwa na Kanisa la Magharibi tangu Yeronimo, mfasiri wake, haina hatima ile, yaani maneno hayo ya mwisho. Ushahidi mwingine una uzito kuliko unavyodhaniwa: Tertuliano, Origene na Sipriano, waandishi wa kanisa la mwanzo, wote wa karne ya 3 au karibu nayo, waliandika maelezo ya Baba Yetu kipengele kwa kipengele, na hakuna hata mmoja anayeeleza "Kwa kuwa ufalme ni wako". Mtu anayefafanua sala neno kwa neno haruki sentensi nzima iliyo mbele ya macho yake. Haikuwa mbele yake.

Lakini usikimbilie kusema kwamba ni uzushi wa siku za karibuni. Didache, kitabu kidogo cha mafundisho ya kanisa ambacho wataalamu wengi hukiweka mwishoni mwa karne ya 1 au mwanzoni mwa karne ya 2, kinaagiza Baba Yetu isaliwe mara tatu kwa siku, na sala yake inaishia kwa kutaja nguvu na utukufu hata milele. Ufalme haumo, vipo viwili tu. Kufikia mwisho wa karne ya 4 Yohane Krisostomo, mhubiri mashuhuri wa Kigiriki, anaihubiri hatima yenye vyote vitatu kama sehemu ya kawaida ya sala. Chimbuko la maneno yenyewe si la kubahatisha sana: fungua 1 Mambo ya Nyakati 29:11, usome Daudi akimwambia Mungu kwamba ukuu ni wake, na uweza, na utukufu, na ufalme ni wake. Waumini walioijua sala ya Daudi waliifungia sala ya Bwana kwa sifa, kama desturi ya sala za Kiyahudi ilivyokuwa. Kwenye ibada maneno yakazoeleka. Mnakili aliyekuwa akisali hivyo kila siku alipofika Mathayo 6:13, mkono ulikwenda wenyewe.

Jambo hili linamtokea hata mwanakwaya wa leo anayenakili wimbo kutoka kwenye daftari la kwaya nyingine. Akikuta ubeti umeishia mahali ambapo kwao huwa unaendelea, anaujaza bila hata kuona kwamba ameujaza. Hana nia mbaya. Anasahihisha anachodhani ni pengo.

Ilikuwaje basi Waprotestanti wakawa nayo na Wakatoliki wasiwe nayo? Kanisa la Magharibi lilisali kwa Kilatini, na Kilatini hakikuwa nayo. Mwaka 1516 msomi Mholanzi Erasmus alichapisha Agano Jipya la Kigiriki huko Basel akitumia nakala chache alizozipata, nyingi za karne ya 12 hivi, ambazo zilikuwa na hatima ile. Maandiko hayo ya Kigiriki ndiyo yaliyokuwa msingi wa Biblia za wanamatengenezo, yaani waanzilishi wa Uprotestanti, na baadaye wa Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611. Wamisionari walipokuja Afrika Mashariki kila mmoja alikuja na sala aliyofundishwa na mama yake. Kumbe tofauti inayosikika leo makaburini ni ya nakala za Basel na za Roma.

Na hapa kuna jambo ambalo Waprotestanti wengi hawalijui: Wakatoliki nao huyasema maneno hayo, katika kila Misa. Tangu Misale (kitabu cha sala za Misa) ya Papa Paulo VI, iliyoanza kutumika mwaka 1970, padre huendeleza Baba Yetu kwa sala fupi ya kuomba kuopolewa katika maovu, kisha waamini huitikia kwa ufalme, nguvu na utukufu. Hayajaunganishwa na Baba Yetu moja kwa moja, ila yapo, yakitenganishwa na sala ya padre. Ukiwa nje ya Misa, kwenye rozari au kaburini, hayatajwi.

Kuhusu mabano, neno moja zaidi, maana limewasumbua wengi tangu Biblia ziingie kwenye simu. Msomaji anafungua Mathayo 17 kwenye tafsiri mpya anaona mstari wa 20 halafu wa 22. Anapiga kelele kwamba wamefuta "namna hii haitoki ila kwa kusali na kufunga". Namba za mistari ya Agano Jipya ziliwekwa mwaka 1551 na mchapishaji Robert Estienne, juu ya maandiko yale yale ya nakala za baadaye. Nakala za kale zilipopatikana na mstari ukaonekana haumo, namba haikuweza kubadilishwa bila kuvuruga Biblia zote duniani, ndiyo maana pengo likabaki. Union yenyewe, Biblia ya wazee wetu, inao mstari huo ndani ya mabano. Kwenye programu nyingi za simu maelezo ya namna hii yamefichwa nyuma ya alama ndogo ambayo lazima uiguse.

Riziki

Sasa tuje kwenye neno gumu kuliko yote katika sala hii, na kwa maoni yangu ndipo Kiswahili kimefanya kazi yake nzuri kuliko zote.

Kigiriki kinasema: utupe leo mkate wetu *epiousios*. Neno hili liko kwenye Mathayo 6:11, kwenye Luka 11:3, na kwenye Didache inaponukuu sala hiyo hiyo. Zaidi ya hapo halipo. Origene, ambaye Kigiriki kilikuwa lugha yake, aliandika kwamba hajalikuta kwa wanafalsafa wala kwa watu wa kawaida, akahisi waandishi wa Injili wamelitunga wenyewe. Mwishoni mwa karne ya 19 ilisomwa papiri moja, karatasi ya kale ya mafunjo, kutoka Hawara, Misri, orodha ya matumizi ya nyumbani, ambamo ilidhaniwa neno hilo limeonekana kwa maana ya posho ya siku. Kwa miaka mingi vitabu viliitegemea papiri hiyo, ilhali yenyewe haijulikani ilipo. Mwaka 1998 ikaonekana kwenye maktaba ya Chuo Kikuu cha Yale, na ilipochunguzwa upya neno lililoandikwa pale likawa "mafuta". Tukarudi tulipokuwa na Origene.

Kwa hiyo mfasiri hubaki na kulivunja neno vipande. Ukilichukua kama *epi* na *ousia*, linahusu kile kinachotakiwa ili mtu awepo, aishi. Ukilihusisha na usemi wa Kigiriki wa siku inayofuata, ni mkate wa kesho. Yeronimo anasema aliona katika Injili ya Waebrania, kitabu cha kale kisichomo katika Biblia, neno *mahar*, yaani kesho. Ukilihusisha na siku iliyopo, ni mkate wa leo. Yeronimo mwenyewe alipata shida: neno lile lile la Kigiriki alilitafsiri kwa namna moja katika Mathayo, mkate "upitao asili", na katika Luka likawa "wa kila siku". Sala ya Kilatini ikashika "wa kila siku", nayo ndiyo iliyoingia kwenye Baba Yetu ya Kikatoliki ya Kiswahili.

Habari Njema imechagua maana ya kwanza: "Utupe leo chakula chetu tunachohitaji." Ni tafsiri inayoeleweka na iliyo aminifu. Imefanya pia uamuzi wa pili, kuondoa mkate na kuweka chakula. Kwa mtu wa Palestina mkate ndio mlo wenyewe. Kwa mtu wa Dodoma au Kitale mlo ni ugali, na mkate ni kitu cha chai ya asubuhi, tena kwa mwenye nazo. Anayeomba "mkate wetu" akiuchukua neno kwa neno anaomba kifungua kinywa.

Union ikasema "riziki yetu", neno moja likafanya kazi ya mawili. Riziki haikuja na wamisionari. Ni neno la Kiarabu lililokwisha kuwa la Kiswahili kabla hawajafika, na Mwislamu humwita Mungu Mwenye kuruzuku. Mvuvi anayeshusha ngalawa alfajiri anakwenda kutafuta riziki, na mama wa genge la nyanya vivyo hivyo. Riziki ni kile unachokihangaikia na bado unajua kwamba si wewe unayekipanga. Ni chakula, ni kipato, ni fungu lako la leo, na ndani yake mna yule anayegawa. Hiyo *epiousios*, kwa vyovyote utakavyoivunja, imo mle. Hakuna haja ya kuongeza "tunachohitaji" wala "ya kila siku".

Tena si jambo dogo kwamba Mkristo na Mwislamu wa mtaa mmoja wanaomba kitu kile kile kwa neno lile lile. Hili lilianza mapema. Mmisionari Mjerumani Johann Ludwig Krapf alipoanza kutafsiri Mwanzo huko Mombasa mwezi Juni 1844, aliyekaa naye kumsaidia lugha alikuwa kadhi, Sheikh Ali bin Muhyiddin. Mwezi mmoja kabla yake, katika monasteri ya Mtakatifu Katarina kule Sinai, Constantin von Tischendorf, mtafiti wa nakala za kale, alikuwa ameziona karatasi za kwanza za kodeksi ile ambayo baadaye ingeleta mabano kwenye Mathayo 6:13. Kazi hizo mbili hazikujuana, lakini zimekutana kwenye ukurasa mmoja wa Biblia ya Union. Baadaye Karl Roehl, Mlutheri Mjerumani ambaye Biblia yake nzima ilitoka mwaka 1937, alijitahidi kupunguza maneno ya asili ya Kiarabu na kuweka ya Kibantu. Nia yake ilikuwa kuwafikia watu wa bara. Ila neno lililokwisha kukaa kinywani mwa watu haliondolewi kwa sababu ya pasipoti yake, na riziki ni mfano wake.

Deni na makosa

Mathayo anasema madeni. Luka anasema dhambi, halafu hapo hapo anageukia kila anayewiwa, yaani mwenye deni kwetu: "Utusamehe dhambi zetu, kwa kuwa sisi nasi tunamsamehe kila tumwiaye." Mchanganyiko huo unatoka kwenye Kiaramu, lugha aliyoizungumza Yesu, ambamo neno *hoba* ni deni na ni dhambi pia. Mathayo akatafsiri maana ya kwanza, Luka akachukua zote mbili kwa zamu. Wakatoliki na Habari Njema wanasema "makosa" na "waliotukosea", ambayo ni kueleza maana. Union imeacha picha kama ilivyo: "deni zetu".

Picha hiyo Waswahili tunaielewa kuliko wengi. Mazishini, kabla mwili haujashushwa, msemaji wa familia husimama akatangaza kwamba anayemdai marehemu aje aonane na ndugu, na wakati mwingine mtu hujitokeza palepale akasema amesamehe. Deni halifi na mtu. Sala ya Mathayo inasimama mahali hapo hapo. Hasara yake ni kwamba siku hizi neno limeelemea kwenye mikopo ya simu na vikoba, na kijana anaweza kusikia kwamba anamwomba Mungu amlipie. Anayefundisha katekisimu kwa maneno ya Union ampe mwanafunzi dakika tano za mazishi yale, ataelewa.

Kushawishiwa, kujaribiwa, kuopolewa

*Peirasmos* ni neno moja la Kigiriki kwa mambo ambayo Kiswahili huyatenganisha. Kujaribiwa ni kupimwa uone kama utasimama. Kushawishiwa ni kuvutwa uanguke. Wafasiri wa Union walichagua la kwanza, "majaribuni", sala ya Kikatoliki ikachagua la pili, "kishawishi". Hakuna aliyekosea Kigiriki. Lakini kila uamuzi una gharama. Ukisema "usitutie katika kishawishi", msikilizaji atauliza kama Mungu huwatia watu vishawishini, na Yakobo 1:13 inakana waziwazi. Ukisema "majaribuni" swali linapungua makali, maana Mungu alimjaribu Abrahamu, ila basi unaomba usipimwe kabisa, na hilo nalo lina maswali yake.

Shida iko kwenye kitenzi. Kigiriki kinasema "usitulete ndani", na Kiswahili "usitutie" ni sawasawa nacho. Wataalamu kadhaa huona nyuma yake namna ya kusema ya Kisemiti, jamii ya lugha za Kiebrania na Kiaramu, ambayo "kuleta" huweza kubeba "kuacha aingie". Kwa hoja hiyo Kanisa Katoliki la Ufaransa lilibadilisha maneno ya sala mwezi Desemba 2017 yakawa "usituache tuingie", na Waitalia wakafuata na maneno yao katika Misale mpya ya mwaka 2020. Mabadiliko hayo yanafafanua, lakini yanakwenda mbali zaidi ya yale yaliyoandikwa. Naona ni afadhali kubaki na "usitutie" na kuieleza.

Halafu linakuja neno la mwisho. Kigiriki kinasema *apo tou ponerou*. Katika umbo hilo la neno, "uovu" na "mwovu" huandikwa sawasawa, herufi kwa herufi. Mgiriki aliweza kusali maisha yake yote bila kulazimika kuamua kama anaomba kuokolewa na jambo au na mtu. Kilatini, *a malo*, nacho kinaruhusu hivyo, na kila upande ulikuwa na wakubwa wake: Krisostomo alimsoma Ibilisi pale, Augustino akaona uovu kwa jumla.

Kiswahili hakina mahali pa kujificha. Ngeli zetu zinadai jibu: ama ni M-WA, "yule mwovu", mwenye nafsi, ama ni maovu. Mfasiri wa Kiswahili hana uwezo wa kuacha mlango wazi kama Mathayo alivyouacha. Union na Habari Njema zilimchagua mtu, na zina sababu nzuri, kwa kuwa Mathayo 13:19 inamtaja "yule mwovu" kwa umbo lisilo na utata. Sala ya Kikatoliki ikachagua maovu.

Na ilipochagua, ikaweka kitenzi ambacho hakuna Biblia niliyoitaja yenye kitenzi kinachokishinda. *Kuopoa* si kuokoa kwa jumla. Ndoo iliyodondoka kisimani huopolewa. Kwenye taarifa za habari, wazamiaji huopoa waliozama. "Utuopoe maovuni" inayafanya maovu kuwa maji ya kina, na anayeomba tayari yumo ndani yake, hana pa kushika, anasubiri mkono kutoka juu. Yaelekea wengi husali neno hili bila kuona maji, kwa sababu limezoeleka.

Ngeli hizo hizo ndizo zinazoamua mambo mengine ya imani bila msomaji kutambua. Neno ni la ngeli ya LI-YA, lakini Yohana 1 inasema "*naye* Neno *ali*kuwa Mungu", kama mtu. Mwanzo 1:2 inasema "Roho *ya* Mungu *i*katulia", ila Warumi 8:9 inasema "Roho *wa* Mungu *a*nakaa ndani yenu". Silabi moja imebeba mafundisho ya mabaraza ya kanisa.

Mapenzi

Hili ni fupi. "Mapenzi yako" ya Union yana maana ya utashi wa Mungu, yale anayopenda yawe. Lugha imesogea, na leo neno likisikika peke yake huleta kwanza habari za wapendanao. "Utakalo" ya Wakatoliki na Habari Njema haina tatizo hilo na ni tamu kinywani. Hapa Union imezeeka, na si aibu: Agano Jipya lake ni la mwaka 1950 na Biblia nzima ni ya 1952, kazi iliyounganisha Biblia ya Kiunguja ya 1891 na ya Kimvita ya 1914 baada ya Kiswahili sanifu kuanza kusimamiwa na kamati ya nchi za Afrika Mashariki mwaka 1930.

Kusali pamoja bila kuachana

Kwanza, kwa anayetaka kujionea mwenyewe: chukua Union ya karatasi na penseli. Soma Mathayo 6:9–13, kisha Luka 11:2–4. Katika Luka, ruka kila kilicho ndani ya mabano na usome kinachobaki. Utakuta sala fupi inayoanza kwa "Baba" tu na kuishia "usitutie majaribuni". Hivyo ndivyo, kwa karibu, zilivyo nakala za kale kabisa za Luka. Yaliyomo kwenye mabano yametoka kwa Mathayo, kwa mkono ule ule wa mnakili aliyejaza alichodhani ni pengo. Weka Habari Njema kando yake ulinganishe. Kazi yote ni nusu saa.

Kwa mwenye kuandaa ibada ya pamoja, iwe harusi, mazishi, mahafali au sikukuu ya shule, kosa la kawaida ni kumwachia mwongozaji aanze kwa mazoea yake na kutumaini watu watafuata. Hawatafuata, maana Baba Yetu haisaliwi kwa kusikiliza, inatoka yenyewe. Kinachofaa ni kuichapa sala nzima kwenye ratiba, kwa maneno ya toleo moja, na kukubaliana mapema na padre na mchungaji ni lipi. Habari Njema inafaa sana hapa, kwa kuwa iliandaliwa kwa ushirikiano wa Wakatoliki na Waprotestanti, jambo ambalo Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mkutano mkuu wa maaskofu Wakatoliki, ulilifungulia mlango mwaka 1965. Wasio na ratiba wanaweza kugawana: kila mtu asali kwa maneno ya kwao, ila taratibu, wakisimama kidogo mwishoni mwa kila ombi ili sauti zikutane tena.

Hatima ndiyo isiyoachwa kwa bahati. Ikichapwa, iwekwe mstari wake peke yake, baada ya nafasi, bila "Amina" kabla yake. Na mwongozaji, kabla hajafungua kinywa kwa "Baba yetu", awaambie watu sentensi moja: "Tutamalizia na 'Kwa kuwa ufalme ni wako', sote."